Chagua Mtandao kwa Kulitazama Pori

Ndugu msomaji, kila mwaka unapokaribia ukingoni, nyumba nyingi za mjini hugeuka kuwa ofisi ndogo za uchukuzi. Baba hukagua magurudumu na kubadilisha oili. Mama huhesabu kanga za kuwapelekea wakwe, mchele, sukari na sabuni. Watoto hugombania kiti cha dirishani kabla gari halijatoka uani. Wale waendao kwa basi hukata tiketi wiki mbili kabla, maana wanajua jinsi kituo kinavyofurika siku za kuelekea Krismasi. Yote hayo ni maandalizi mema. Lakini lipo jambo moja ambalo aghalabu huachwa hadi dakika ya mwisho, likanunuliwa kwa haraka pamoja na karanga na maji ya chupa. Jambo hilo ni intaneti ya kutumia njiani.

Utamsikia mtu akisema, "Bando nitajiunga tukifika Chalinze." Mwingine atajigamba, "Laini yangu ina kasi ajabu, nyumbani natazama mpira bila kukatika." Wote wawili wanapima safari kwa kipimo cha sebuleni. Nia yangu leo ni kukuomba ukibadilishe kipimo hicho. Mtandao wa safari ndefu hauchaguliwi kwa mji unaouacha, wala kwa mji unaouendea. Huchaguliwa kwa pori lililo katikati.

Haja ya msafiri kupata na kutoa habari si jambo jipya katika nchi yetu. Katika karne ya 19 misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilitembea kwa miguu miezi kadhaa, ikiongozwa na kirangozi aliyetangulia mbele. Aliyebaki pwani hakuwa na njia ya kujua kama mwenzake yu hai au amekufa, isipokuwa kusubiri msafara mwingine urudi. Barua alizoandikiwa Livingstone na kufungwa mkobani mwaka 1870 zilimfikia Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, zilipoletwa na msafara wa Stanley. Mwaka mzima kwa barua! Leo mtoto wa darasa la tatu hutuma picha ya twiga kutoka Mikumi, nayo ikamfikia bibi yake Tukuyu kabla twiga hajamaliza kuvuka barabara. Basi tumezoea wepesi huo hata tumesahau kwamba kati ya Mikumi na Tukuyu pana milima, mabonde na misitu, na kwamba picha hairuki yenyewe kama njiwa. Hubebwa na minara, na mnara usipokuwapo, tunarudi papo hapo kwenye hali ya watu wa Bagamoyo.

Nitakueleza kwa nini jambo hili linanigusa.

Mwezi Desemba mwaka 2023, ndugu zangu walitoka Dar es Salaam kwa msafara wa magari matatu kwenda nyumbani kwetu mkoani Mbeya, mwendo wa takriban kilomita 830. Mimi nilikuwa nimetangulia kwa basi siku mbili kabla ili kumsaidia mama maandalizi. Usiku ule waliokuwa wakifungasha mizigo, baba alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Asubuhi tukamfikisha katika hospitali moja ya mkoa ule, na adhuhuri daktari akaniita kando. Akanieleza kwa utulivu kwamba utumbo umejisokota, kwamba upasuaji haufai kungoja usiku, na kwamba kuna fedha za kuanzia zinazohitajika kwa ajili ya vifaa.

Fedha za familia, yaani mchango wetu sote wa mwisho wa mwaka, zilikuwa katika simu ya kaka yangu mkubwa. Tena mama alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunika kanga hadi kichwani, akisema hatatia kidole kwenye karatasi yoyote mpaka asikie sauti ya mwanawe wa kwanza. Nikapiga. Sauti ya mashine ikanijibu kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga simu ya mkewe, jibu lile lile. Nikapiga tena, na tena. Ewe msomaji uliyewahi kusimama katika ukumbi wa hospitali na simu mkononi, sina haja ya kukueleza dakika zile zilivyo ndefu.

Yapata saa saba na nusu mchana, simu yangu ikalia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa kaka. Walikuwa wamekwama chini ya mlima Kitonga, kwa sababu lori lilikuwa limeharibika mlimani na foleni ilikuwa imeziba barabara. Simu yake na simu ya mkewe, zote za laini ya kampuni moja inayosifika mtaani kwao kwa kasi, hazikuonyesha hata mstari mmoja wa mawimbi. Akiwa na wasiwasi wa kukaa kimya muda mrefu, alikuwa ameteremka kwa miguu kando ya foleni mpaka kwenye gari la tatu. Gari lile liliendeshwa na mzee mmoja wa kukodiwa, dereva mstaafu wa malori ya Tunduma. Mzee yule alikuwa na kitochi cha laini mbili, na laini yake ya pili ilikuwa ikishika. Namba yangu waliipata nyuma ya daftari la mtoto, alikokuwa ameiandika wifi yangu kwa kalamu ya risasi.

Mama akasikia sauti ya mwanawe. Zikabaki fedha. Za kaka zilikuwa zimefungwa ndani ya laini isiyo na mawimbi, kama mali iliyo katika ghala ambalo ufunguo wake umetumbukia kisimani. Hapo nikamsikia mzee yule akisema kwa nyuma, "Mwambie dada atulie. Zile fedha za mafuta mlizonirushia jana ninazo humu. Mafuta yaliyomo yanatufikisha Iringa." Akazituma kwa kitochi chake, kwa kubonyeza tarakimu tu, bila intaneti wala simu ya kioo. Baba aliingia chumba cha upasuaji kabla ya saa kumi.

Sitasema kitochi ndicho kilichomponya baba. Walimponya madaktari na wauguzi. Lakini nilipomwona ameketi barazani mwezi wa pili uliofuata, akimenya ndizi kwa kisu chake cha zamani, nilijiambia kwamba jambo tunalolifanyia mzaha madirishani pa mabasi linastahili kufikiriwa na watu wazima. Wakati wa kurudi Dar es Salaam nilipanda gari la yule mzee makusudi, nikamwuliza kwa nini yeye ana laini ile na si nyingine. Alinijibu kwa maneno machache: "Mimi sikununua laini ya nyumbani kwangu. Nilinunua laini ya barabara yangu."

Tangu siku hiyo nimelichunguza jambo hili kama kazi yangu inavyonifundisha, na haya ndiyo niliyoyakusanya kwa ajili yako.

Kwanza, yafaa kujua simu inavyofanya kazi gari likiwa mwendoni. Simu yako huongea na mnara ulio karibu. Gari likisonga, mnara mmoja hukukabidhi kwa mwingine, kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Minara ikikaribiana, makabidhiano hayo huyahisi hata kidogo. Ikiachana mno, kijiti huanguka. Mnara wa teknolojia ya 2G, kwa kawaida ya ufundi wake, hauwezi kumhudumia mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 35, hata nchi ikiwa tambarare kama meza. Kukiwa na mlima katikati, umbali huo hupungua sana, kwa sababu mawimbi ya simu hayapindi kona kama mto. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa kilomita tano tu kutoka mnara na asipate kitu, akiwa ameketi bondeni nyuma ya jabali.

Tena mawimbi hayalingani. Yale ya masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na hupenya vizuizi vizuri zaidi. Yale ya juu, kama 1800, 2100 na 2600, hubeba mzigo mkubwa wa intaneti lakini huchoka mapema. Hapo ndipo siri ya mji na pori ilipo. Mjini, ambako watu ni wengi na minara imesongamana, kampuni hushindana kwa kasi. Porini ushindani ni wa kufika tu. Kampuni inayoshinda katika mashindano ya kwanza si lazima ishinde katika ya pili. Vodacom ilizindua 5G nchini mwaka 2022, na tangu hapo sifa ya kasi imekuwa wimbo wa matangazo mengi. Lakini katika msitu, kasi kubwa isiyofika haina maana kuliko kasi ndogo iliyopo.

Basi anza kwa kuiandika njia yako katika karatasi, kituo kwa kituo. Chukua mathalan barabara hiyo ya kusini: Dar es Salaam, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, Tunduma. Katika miji hiyo huna haja ya kuuliza habari za mtandao. Uliza habari za katikati. Kuna sehemu ya takriban kilomita 50 ambapo barabara hupita ndani ya hifadhi ya Mikumi. Kuna korongo la mto Ruaha na mlima wa Kitonga. Kuna misitu ya kupandwa ya Mafinga. Piga hesabu ndogo: basi liendalo kilomita 80 kwa saa huvuka pengo la kilomita 20 kwa dakika 15, nawe hutatambua kama ulikuwa umelala. Lakini gari linalopanda mlima nyuma ya malori kwa kilomita 10 kwa saa litakaa ndani ya pengo lilo hilo saa mbili. Pengo la mtandao, kwa hiyo, halipimwi kwa kilomita tu. Hupimwa kwa muda utakaokuwa ndani yake, na pia kwa uwezekano wa gari kuharibikia hapo.

Nani akueleze habari za mapengo hayo? Ramani za makampuni zipo, na yafaa kuzitazama, lakini kumbuka kwamba kwa sehemu kubwa huchorwa kwa hesabu za kompyuta, na hudhani kwamba umesimama nje, wala hukujifungia ndani ya bati la gari. Shahidi bora ni yule anayepita njia hiyo kila wiki: dereva wa basi, utingo, dereva wa lori, mwuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Waulize swali mahususi. Usiulize, "Mtandao gani mzuri?" Kila mtu atakutajia wake. Uliza, "Gari likiharibika pale chini ya mlima, ninyi hupiga simu kwa laini gani?" Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Anayekwenda Kigoma kupitia Tabora na misitu ya miombo asichukue ushauri wa anayekwenda Moshi, kwa maana mapori yao si mamoja. Tena uliza kila mwaka, kwani hali hubadilika. Mwaka 2023 ilitiwa saini mjini Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 katika maeneo ya vijijini, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mahali palipokuwa kimya mwaka ule huenda pana mnara leo.

Pili, beba laini mbili za makampuni mawili. Simu nyingi ziuzwazo hapa kwetu hupokea laini mbili, nasi tumezoea kuzitumia kwa ajili ya kukimbilia bei. Msafiri azitumie kwa ajili ya usalama. Kampuni tunazo za kutosha: Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL ambayo ni shirika la umma, na Yas ambayo hadi mwaka 2024 tuliijua kwa jina la Tigo. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Minara mingi hivi sasa si mali ya kampuni za simu zenyewe. Humilikiwa na kampuni za minara, nazo kampuni za simu hupanga juu yake kama wapangaji wa nyumba moja. Umeme ukikatika katika mnara huo na mafuta ya jenereta yakaisha, wapangaji wote hunyamaza kwa pamoja. Kwa hiyo mwenye laini mbili zinazotegemea mnara mmoja ana laini moja tu. Yule mzee hakuwa amesoma habari hizi popote, ila alikuwa ameona kwa macho yake kwamba laini zake mbili haziugui siku moja, akazishikilia.

Ukitaka kununua laini ya pili, usingoje kituoni alfajiri. Usajili ni wa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na mitambo huweza kusumbua. Fanya hivyo juma moja kabla, uijaribu, uitie fedha kidogo, na uwape ndugu namba hiyo. Laini mpya ambayo hakuna mtu anayeijua namba yake inaweza kupiga, lakini haiwezi kutafutwa.

Tatu, kipime kifurushi kwa saa za safari na kwa vinywa vitakavyokila. Kifurushi cha saa 24 huanza kuhesabu tangu unapojiunga. Ukijiunga jioni wakati wa kufungasha, kinaweza kukufia kesho jioni, na huo ndio wakati wa giza na uchovu. Kwa safari ya kwenda na kurudi, kifurushi cha siku saba au cha mwezi aghalabu ni salama zaidi hata kama sura ya bei yake inatisha. Kisha jua nani mlaji. Ujumbe wa maandishi hula kidogo mno. Maongezi ya sauti kupitia intaneti ya dakika kumi kwa kawaida hayamalizi megabaiti 10. Lakini video ya ubora wa wastani huweza kula karibu gigabaiti 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hadi gigabaiti 3. Watoto watatu wakifungua katuni zao kila mmoja kwa wakati mmoja, bando la mzazi huisha kabla ya Mikumi, nao hawana kosa, kwani hakuna aliyewaambia. Dawa yake ni rahisi. Pakueni katuni, nyimbo na hadithi nyumbani usiku wa kuamkia safari, ili intaneti ya njiani ibaki kwa mambo ya njiani.

Nne, fikirieni chombo. Familia ndani ya gari moja inaweza kutumia simu ya mmoja kuwagawia wengine, jambo ambalo vijana huliita hotspoti. Hilo latosha kwa safari ya siku moja, ila huimaliza chaji ya simu hiyo na huipasha moto. Kwa msafara wa siku nyingi, rauta ndogo ya kubebeka yenye laini yake yenyewe ni afadhali, kwa sababu inaacha simu huru. Hata hivyo usiifiche chini ya mizigo. Mabati ya gari hupunguza mawimbi, kwa hiyo iweke karibu na kioo, pasipo jua kali. Na ujue kwamba simu inayotafuta mtandao mahali pasipo na mtandao huchoka upesi, kwa kuwa hupaza sauti bila kukoma kama mtu aliyepotea msituni. Mkiingia katika pengo mnalolijua, izimeni intaneti, na simu moja miongoni mwenu izimwe kabisa ibaki na chaji kamili. Powabenki iliyojaa ni mwenzake gurudumu la akiba.

Tano, pangeni mambo yatakayofanya kazi pasipo intaneti kabisa. Ramani za simu huweza kupakuliwa mapema, na mahali ulipo simu hupajua kutokana na setilaiti zilizo juu yetu kiasi cha kilomita 20,000, bila kuhitaji mnara wala bando. Meseji ya kawaida hupita pale ambapo intaneti imeshindwa, na asiyekuwa hewani huhifadhiwa meseji yake mpaka atakaporejea. Kwa hiyo mnapokwama, andika meseji yenye mahali mlipo, hali yenu na saa. Usitume "nipigie" peke yake. Huduma za kutuma fedha kwa kubonyeza tarakimu hufanya kazi hata kwa kitochi, kwa hiyo akiba ya safari isifungwe yote katika laini moja. Gaweni, kidogo huku na kidogo kule, na noti chache mfukoni. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na kwa kanuni za ufundi simu hujaribu kuipitisha katika mnara wowote unaosikika, hata usio wa kampuni yako. Wafundisheni watoto namba hiyo. Na namba za jamaa ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu iliyozimika haina kumbukumbu.

Wale mnaofika mpakani, iwe Tunduma, Namanga au kwingineko, mnayo tahadhari ya ziada. Mawimbi hayasomi pasipoti. Ukiwa bado upande wetu, simu inaweza kudaka mnara wa jirani, na intaneti yako ikaanza kuhesabiwa kwa bei ya ugenini pasipo wewe kuvuka hata hatua moja. Katika mipangilio ya simu, zima intaneti ya nje ya nchi kabla hujaukaribia mpaka. Ukikaa siku kadhaa upande wa pili, ulizia laini ya nchi ile kwa wakala anayetambuliwa. Wapo pia wenye tamaa ya kubeba vyombo vya intaneti ya setilaiti kwa kuwa huduma ya Starlink ilianza Kenya na Zambia mwaka 2023. Vyombo hivyo hutegemea leseni ya kila nchi, kwa hiyo asivuke mtu nacho kabla ya kuiuliza mamlaka ya mawasiliano ya kule aendako.

Na wale mnaosafiri kwa msafara wa magari mawili matatu, msiuachie mtandao kazi ya kirangozi. Kubalianeni kabla ya kuondoka mtakutana wapi: kituo fulani cha mafuta Morogoro, mgahawa fulani Iringa. Gari likifika husubiri, hata kama simu haziiti. Dereva asishike simu kabisa, maana ni kinyume cha sheria na ni hatari kwa roho za watu. Simu ya dereva ishikwe na aliyeketi kando yake. Jambo hili ni muhimu zaidi tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku na wengi wetu tukaanza kupita mapori katika giza.

Ndugu msomaji, huenda utaniuliza: je, haya yote si usumbufu kwa mtu anayekwenda kumsalimu mama yake tu? Jibu langu ni kwamba kazi yote niliyoieleza haimalizi jioni moja. Keti na wenzako mezani usiku wa mwisho. Iandikeni njia. Tieni alama mahali pa ukimya. Kagueni laini mbili, bando, chaji na karatasi ya namba. Kisha fanyeni jambo la mwisho, ambalo halina gharama nami naliona kuwa kubwa kuliko yote: mpigieni yule anayewangoja na mmweleze ukimya wenu kabla haujaja. Mwambieni, "Mama, kuanzia saa sita mpaka saa nane tutakuwa milimani, simu hazitapatikana. Likitokea jambo, mpigie dereva kwa namba hii. Tukifika Iringa tutakupigia."

Mzee aliyeambiwa hivyo atakaa barazani kwake na moyo uliotulia, akitazama saa. Asiyeambiwa atahesabu kila dakika kuwa ajali. Minara inajengwa na itazidi kujengwa, lakini pori halijaisha katika nchi yetu, na si vibaya kwamba halijaisha. Lililo baya ni kuliingia bila kulitaja. Nakutakia safari njema na mapokezi mema, na ufikapo, kabla hujatuma picha yoyote kwa rafiki zako, mjulishe kwanza yule uliyemwacha nyuma kwamba umefika.